Mkulima wa Matope Mekundu

Jina alilopewa na baba yake lilikuwa jina zuri tu, lakini kazini hakuna aliyelitumia. Walimwita Mkulima, na kila mtu mpya alipoajiriwa alielezwa sababu huku wenzake wakicheka: huyu bwana amelima tangu ujana wake, na hajavuna hata jani la kumpa mbuzi.

Kulima alilima kweli. Kiwanda kilichokaa juu ya mji kilichimba mawe mekundu, kikayasaga, kikayapika kwa soda kali, na mwishowe kikatoa unga mweupe wa kutengenezea alumini, hii ya masufuria na fremu za madirisha. Unga ulipakiwa ukaenda zake. Kilichobaki ni matope mekundu, mengi kuliko unga wenyewe, nayo yalimwagwa bondeni nyuma ya tuta kubwa, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka bonde likajaa likawa uwanda. Matope hayo yalikuwa bado yamebeba soda. Ukiyakanyaga miguu mitupu utatembea kidogo ukijiona hodari. Jioni ngozi ya nyayo inabanduka yenyewe. Kazi ya Mkulima ilikuwa kuyageuza. Alipewa trekta lisilo na magurudumu, lililokaa juu ya mapipa mawili marefu yenye mikunjo kama ya parafujo, na siku nzima alizunguka nalo juu ya tope akilifungua ili upepo upenye, maana hewa hupunguza ukali wa soda. Inaupunguza taratibu mno, kama mtu mmoja anayepuliza uji wa shule nzima. Lakini ndiyo njia iliyokuwapo.

Jambo ambalo watu wapya hawakuelezwa, kwa sababu halikuchekesha, ni kwamba chini ya matope yale lilikuwepo shamba la baba yake, na pembeni mwa shamba alilala baba mwenyewe.

Mzee alifariki bonde likingali bonde. Alizikwa mpakani mwa shamba lake, pakachomekwa nguzo ya mti, kwa kuwa kaburi la saruji lilikuwa la wenye nacho. Kampuni ilipolitaka bonde iliahidi kuyahamisha makaburi yote, na yale ya saruji yalihamishwa kweli, tena kwa heshima. Nguzo ya mzee ilikuwa imeshaliwa na mchwa. Vibarua walichimba hapa, wakachimba pale, wakafuta jasho, wakasema watarudi na mtu anayekumbuka vizuri zaidi. Matope hayakuwangoja. Mjane alisimama juu ya tuta akayatazama yakipanda mpaka pale alipodhani ndipo, halafu yakapapita.

Huyo mjane, mama yake Mkulima, hakuwa mtu wa kulialia. Alihamia vyumba viwili chini ya tuta, akalea wanawe wawili kwa kufua nguo za watu, na kila alipoulizwa angependa azikwe wapi alitoa jibu moja: kwa mume wangu. Watu walidhani ni maneno ya uchungu, yatapita. Mkulima alijua hayatapita. Ndiyo maana alipoambiwa kuna nafasi ya kuendesha lile trekta la ajabu alikubali hata kabla ya kuuliza mshahara. Alijipimia kwa macho, mnara wa maji upande huu, mwamba wa kilimani upande ule, akajua baba yake yuko wapi. Kila alipofika hapo alipunguza mwendo.

Mdogo wake hakumwelewa. Huyu alikuwa fundi mwashi, mtu wa mikono mizuri na ulimi mkali, na kuta zake zilikuwa zimenyooka kuliko tabia yake.

“Kaka, hebu nieleze,” alimwambia siku moja mbele ya mkewe. “Wamemmwagia baba uchafu wao kichwani, na wewe unachukua mshahara wa kuukoroga?”

“Usipogeuzwa utabaki sumu.”

“Na ukigeuzwa?”

“Utabaki sumu, ila kidogo.”

“Basi hongera.”

Tangu siku hiyo walisalimiana kwa ajili ya mama tu. Mama akiondoka chumbani, kila mmoja alitazama dirisha lake.

Kulikuwa na jambo la zamani kati yao, na lazima nilisimulie hapa, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Wakiwa wadogo walicheza kwenye mashimo ya wafyatua matofali, yaliyojaa maji ya mvua. Mdogo aliteleza akatumbukia. Mkubwa, ambaye hakujua kuogelea, alikimbia kumwita mama. Jirani mmoja aliyekuwa karibu alimvuta mtoto kwa fito, na mtoto akatapika maji akaanza kulia, mambo yakaisha. Hayakuisha kwa mama. Alimchapa mkubwa mpaka fimbo ikakatika, si kwa sababu ya kwenda mashimoni, bali kwa sababu ya kumwacha mwenzake.

“Mdogo wako akianguka, unaanguka naye,” alimwambia. “Ya kutoka mtayajulia humo humo.”

Mtu mwenye akili timamu angesema mtoto alifanya sawa kabisa. Lakini mama aliyetoka kuona mwanawe akitapika maji haulizwi akili. Mkulima alilibeba neno hilo tangu utoto wake, na sidhani kama alilitua hata mara moja.

Halafu ikaja gesi.

Ng'ambo ya reli kulikuwa na kiwanda cha saruji, na dohani lake lilitoa moshi usiku na mchana. Ndani ya moshi huo mlikuwa na hewa ukaa nyingi, hii hii tunayoitoa puani, hii inayosemwa kwamba inaipasha dunia joto. Siku moja lilipita bomba jipya chini ya reli, na kampuni ikaleta injinia, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye aliwakusanya wafanyakazi akawaeleza. Hewa ukaa itanaswa kabla haijatoka dohanini. Italetwa hapa kwa bomba, itapulizwa ndani ya tangi la matope, na ile soda kali itakutana nayo ipoe. Kazi ambayo upepo unaifanya kwa miaka itafanywa na tangi kwa muda wa kunywa chai. Taka za kule zitatibu taka za huku.

“Yaani wao wanajamba, sisi tunanusa,” alisema Bwana Koki, aliyekuwa mfungua koki mkuu wa tangi na mpiga porojo mkuu wa kiwanda. Watu waliangua kicheko, na Injinia pia akacheka, na hapo ndipo walipompenda.

Mkulima alimpelekea mama yake utani huo jioni. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akauliza jambo ambalo ndilo lililokuwa moyoni mwake.

“Yakipoa, mtu anaweza kuchimbwa humo?”

“Sijui, mama.”

“Uliza.”

Akauliza. Injinia hakumcheka. Alikaa kwenye ngazi ya ofisi, akasikiliza habari ya mzee na nguzo iliyoliwa na mchwa mpaka mwisho, akasema ukweli kama alivyoujua.

“Mzee wangu, matope haya ni kama mtu mwenye hasira aliyeombwa radhi mbele za watu. Leo yamenyamaza, ukipima unaona yamepoa. Rudi baada ya mwezi, hasira iliyokuwa ndani ya punje imetoka tena nje. Inabidi kuyapulizia mara mbili, mara tatu, kuyafunika kwa udongo mzuri, kupanda majani, kungoja. Sitaki kukuahidi.”

Hakuahidi, lakini alipochagua mahali pa jaribio lake la kwanza alimwita Mkulima akamwambia achague yeye. Nadhani mnajua alichagua wapi. Matope yaliyopoa yalimwagwa katika ukanda ule kati ya mnara na mwamba, yakafunikwa, yakapandwa majani, na baada ya mvua majani yakatoka, membamba, ya kijani hafifu, kama nywele za mtoto aliyetoka kuugua. Mkulima alichuma jani moja akalipeleka nyumbani ndani ya kofia yake. Mama alilishika karibu na jicho lake moja lililokuwa bado linaona, akalitafuna, akalitema.

“Chungu,” akasema. “Lakini ni jani.”

Alikuwa amechakaa wakati huo, kifua kikipiga filimbi kila akipanda kitanda. Ulimi ulikuwa bado mzima. Jirani alipomwonya kwamba hawezi kulala ubavuni kwa mume, kwamba yeye atakuwa juu na mzee chini kabisa, amefunikwa na mlima wa tope, alijibu: “Miaka yote ya ndoa yeye ndiye alikuwa juu. Zamu yangu.” Jirani aliona haya akaaga.

Katika kipindi hicho hicho tangi liliua. Bomba la matope liliziba, kibarua mmoja alishuka chini ya ngazi kwenye shimo la pampu, akaanguka kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Rafiki yake alimwona, akashuka kumtoa, akaanguka juu yake. Mkulima alikuwa miongoni mwa waliowabeba. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, haina harufu; inatambaa chini, inatafuta shimo, inakaa. Mwenye kuivuta ikiwa nyingi hapati hata nafasi ya kukohoa. Baada ya hapo kila mfanyakazi alipewa kipima gesi cha kubana kifuani, kinacholia kama kifaranga, na kwenye ukuta wa tangi yakaandikwa maneno makubwa: MWENZAKO AKIANGUKA SHIMONI, USIMFUATE. Walikaririshwa kila Jumatatu. Vijana walifanya mzaha nayo, wakiambiana hivyo mtu akienda chooni. Asubuhi zisizo na upepo, mijusi walikutwa wamekufa kwenye mtaro ulio chini ya tangi, na Bwana Koki aliwafagia akisema ni wafanyakazi waliokataa kusikiliza mafunzo.

Mama alifariki mwanzoni mwa kiangazi, mchana, akiwa amekaa. Neno lake la mwisho la maana lilikuwa kumuuliza mkubwa kama ameuliza tena.

Mkulima alikwenda kwa Injinia na nguo za msiba. Alijiandaa kubembeleza, na haikuhitajika. Injinia alichukua karatasi zake za kupimia akaenda naye mpaka kwenye ukanda wa majani, wakatoboa udongo kwa bomba, wakapima juu, wakapima katikati, wakapima chini. Alirudia kupima pale pale, kwa sababu hakuyaamini matope, na yalikuwa yamepoa kweli. Aliinua simu akazungumza na wakubwa wake kwa muda mrefu, sauti yake ya chini ikizidi kushuka. Mwishowe akasema, kona ya ukanda, kaburi moja, wachimbaji wavae buti na glavu.

Kila mtu alipima matope. Wote walikuwa wameyaogopa matope kwa muda mrefu mno, na hofu ya mtu ikishapata makazi haihami kirahisi. Hewa hakuna aliyeifikiria, kwa sababu pale palikuwa wazi, majani yamekaa, upepo unapita, tangi liko juu huko kwenye mteremko.

Mdogo wake alikuja bila kuitwa. Alikuja na mkokoteni wa matofali, saruji, na mwiko wake, mkewe akifuata na chupa ya chai. Alisimama akaitazama ile kona ya kijani katikati ya wekundu, akatikisa kichwa.

“Hapa ndipo?”

“Hapa ndipo. Kadiri ninavyojua.”

“Umekuwa ukipalima hapa muda wote huu.”

“Muda wote.”

“Mimi nikadhani unalima kwa ajili yao,” alisema mwashi, na huko ndiko kuomba radhi kwake. Kubwa zaidi ya hapo hakuwahi kuomba. Akavua saa yake akampa mkewe, akachukua sepetu.

Walichimba alasiri nzima, wawili hao na mjomba wao, kaka wa mama, mzee wa maneno mengi na koleo dogo. Upepo ulivuma, jasho likakauka kabla halijafika kidevuni. Ndugu wawili walipokezana shimoni, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wao wakataniana. Mwashi alisema kaburi la mama litakuwa na kuta zilizonyooka, ili marehemu asipate cha kulalamikia. Aliahidi kujengea matofali asubuhi na mapema, mazishi yawe adhuhuri. Jua lilipozama waliliacha shimo wazi, wakaweka mbao mbili kando yake mtu asitumbukie, wakaenda kukesha msibani.

Usiku huo pampu ya matope iligoma. Bomba la kutoka kiwanda cha saruji halikugoma. Liliendelea kuleta gesi, na gesi ikawa haina pa kwenda. Bwana Koki alifanya kama alivyofundishwa: alifungua koki ya kupumulia, gesi ikatoka nje yote, angani. Alifikiri angani. Usiku ulikuwa umetulia, na gesi ilikuwa baridi na nzito. Ilishuka mteremko kimya kimya ikaukuta mtaro, mtaro ukaipeleka kwenye ukanda wa majani, na kwenye kona ya ukanda palikuwa na shimo jipya, limenyooka vizuri, lenye kina cha mtu.

Asubuhi walifika wanne: ndugu wawili, mjomba, na mke wa mwashi na chupa yake ya chai. Jani halikutikisika. Mkulima alikuwa amevaa shati jeupe la msiba. Kipima gesi chake kilikuwa kimetundikwa kwenye kabati la kiwandani, kwa sababu alikuja kama mtoto wa marehemu, hakuja kazini.

Mwashi aliweka ngazi, akashuka na mwiko wake. Mkulima alikuwa ameshika tofali la kwanza, amelielekeza chini, na hapo ndipo alipomwona mjusi. Mjusi alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya shimo, tumbo jeupe juu.

Alifungua mdomo. Mdogo wake alikuwa ameshamwona pia, na hakupenda alale katika kitanda cha mama.

“Na wewe umefuata nini huku,” alimwambia mjusi, akainama kumwokota. Hakuinuka tena.

Hakupiga kelele, hakukohoa. Magoti yaligusa chini, bega likafuata, shavu likalala kwenye udongo. Mwiko ulilia mara moja kwenye ukuta.

Mjomba alikuwa wa kwanza kuishika ngazi. Mkulima alimvuta kola akamtupa kwenye majani. Mke wa mwashi alikuja kutoka upande wa pili, ameshaacha chupa, mguu mmoja umeshaning'inia ndani ya shimo, na Mkulima alimrukia akamkumbatia kiunoni, akaanguka naye nyuma, akamng'ang'ania. Mwanamke alimkwaruza uso. Alimng'ata mkono.

“Niachie! Mume wangu huyo!”

“Asishuke mtu,” alisema Mkulima. Sauti ilitoka ya Jumatatu, sauti ya kukariri. “Ni gesi. Asishuke mtu.”

“Basi shuka wewe! Ni mdogo wako!”

Mkulima alimpigia kelele Bwana Koki, aliyekuwa ametokea juu ya mteremko na nguo zake za msiba, alete mtungi na barakoa. Bwana Koki aligeuka akakimbia. Mjomba alikuwa amerudi ukingoni, ameshika kamba za kushushia jeneza, anazitupa chini na kuzivuta, anazitupa na kuzivuta, kana kwamba aliyelala angezishika. “Kifo cha wengi harusi,” alikuwa akisema huku analia, “niache niende, kifo cha wengi harusi.” Nimeisikia methali hiyo tangu utotoni na kila mara nilidhani imetungwa kumfariji mtu. Aliyeitunga hakuwahi kusimama mahali pale.

Mkulima alisimama pale. Alimshika shemeji yake kwa mkono mmoja, mjomba kwa mwingine, akamtazama mdogo wake. Alimwona vizuri, si mbali, karibu kuliko mtu aliye ng'ambo ya meza. Aliona mgongo wa shati unapanda na kushuka, kwa haraka, kisha kwa haraka kidogo, kisha akawa anautazama kwa bidii akitafuta kama bado unapanda. Alijua kwamba akishuka atalala juu yake. Alijua kwamba hawa wawili watamfuata. Yote aliyajua. Na chini ya kujua huko kulikuwa na sauti nyingine, ya mwanamke mwenye fimbo, ambaye wakati huo alikuwa amelazwa nyumbani akisubiri shimo lile lile.

Injinia ndiye aliyekuja na mtungi, amekimbia mbele ya Bwana Koki, kiatu kimoja hana. Alivaa barakoa akashuka mwenyewe, akamfunga mwashi kamba kwapani, wakamvuta. Walimlaza kwenye majani ya jaribio wakamkandamiza kifua zamu kwa zamu. Jua lilipanda. Upepo nao ukaja, mzuri, wa kutosha, kama mgeni anayefika watu wameshamaliza kula.

Jioni ile ukoo ulikaa, na hakuna aliyemuuliza Mkulima neno. Mjomba aliamua. Hakuna mtu wa damu yao atakayelazwa tena ndani ya bwawa lile la matope. Mama na mwana walizikwa kesho yake kwenye makaburi ya mji, nyuma ya stendi, makaburi mawili sambamba ambayo hayakujengewa, maana mjengaji ndiye aliyekuwa akizikwa. Mama alitaka kulala na mumewe, akalala na mwanawe. Mzee alibaki peke yake chini ya matope, na sasa hata wa kumsogelea hakuna.

Kampuni ilikuja na maneno yake na bahasha yake. Bomba la kupumulia lilirefushwa likaenda juu sana, na mashimo yote karibu na tangi yakazungushiwa uzio. Injinia aliandika alichokiona, pamoja na kosa lake mwenyewe la kutopima hewa, akakiweka mezani kwa wakubwa bila kupunguza, na baada ya muda hakuonekana tena. Siku ya Jumatatu iliyofuata msimamizi wa usalama alisimama mbele ya wafanyakazi akawaambia kuna mwenzao aliyefuata mafunzo vizuri na kuokoa watu wawili. Alitaka wampigie makofi. Mkulima alitoka nje kabla hayajaanza, akapanda trekta lake.

Shimo alilifukia yeye. Hakutaka mtu mwingine alifukie. Majani yameshalifunika, na ukipita leo huwezi kujua kona ni ipi, ila yeye anajua, na hapo hapunguzi tena mwendo. Anapita kama mtu anayepita nyumba ya mdai wake.

Mtaani walisema yao. Wapo waliosema alifanya la busara, na hao walilisema haraka wakabadilisha mazungumzo. Wapo waliosema mtu huwezi kukaza pumzi, ukashuka, ukavuta, ukapanda? Hao hawakuwahi kuvuta mwili wa mtu mzima kwenye ngazi. Bwana Koki aliacha porojo kabisa. Akiulizwa jambo anajibu ndiyo au hapana.

Mke wa mwashi hakumsema popote. Mkulima alipeleka unga na sabuni kila mwisho wa mwezi, akaviweka kizingitini, akabisha hodi, akaondoka. Vilipokelewa. Mlango haukufunguliwa akiwa bado anaonekana.

Mpaka ilipofika siku moja, mvua zilipokuwa zinakaribia, alimkuta amekaa kizingitini. Amenyoa nywele, amekonda, anashona kaptura ya mtoto. Hakumkaribisha, ila alisogea kidogo, na Mkulima akaelewa, akakaa kwenye tofali. Ukuta nyuma yao ulikuwa kazi ya marehemu, hauna hata mpindo mmoja.

“Shemeji,” alisema yule mwanamke bila kuinua macho kwenye sindano, “nikuulize kitu, unijibu kweli. Ungeshuka, ungemtoa?”

“Hapana.”

“Ungekufa.”

“Ningekufa.”

“Na mimi ningekufuata.”

“Ungenifuata. Na mjomba naye.”

Alivuta uzi, akaukata kwa meno, akaikunjua kaptura magotini akaitazama.

“Yule Injinia aliniambia hivyo hivyo kabla hajaondoka. Alinichorea mpaka chini hapa kwa kijiti. Nikamwelewa. Nina watoto, shemeji, wewe ndiye uliyeniacha nao, najua. Nakushukuru.” Mikono yake ilikuwa imetulia. “Lakini ungeshuka tu.”

“Ndiyo,” alisema Mkulima.